Hajakula, Amekunywa Chai Tu

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Kitale. Mvua imenyesha tangu saa nane na sasa yamebaki manyunyu. Viatu vyangu viko mlangoni vikiwa na tope la kijiji cha Myanga, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nimeshusha pumzi.

Nekesa si mgonjwa.

Acha nianze vizuri. Mimi hufundisha fiziolojia katika chuo cha uuguzi hapa mjini, na kwa shahada yangu ya uzamili nachunguza jambo moja dogo: je, wanafunzi huelewa zaidi jinsi misuli inavyotumia sukari wakijipima wenyewe, kuliko wakinisikiliza nikipiga domo ubaoni? Kila Alhamisi wanafika maabara saa moja asubuhi. Nawauliza swali moja tu, "Umekula?", wakisema hapana tunawatoboa vidole na kuandika namba. Halafu wanakula, nusu wanakaa, nusu wanatembea uwanjani, na tunapima tena.

Nekesa yuko mwaka wa pili. Ni mpole, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Alhamisi hii sukari yake ya asubuhi ilikuwa nane nukta tisa. Wiki iliyotangulia, nane nukta mbili. Mtu ambaye hajakula hafai kufika saba.

Nilipaswa kumwita kando. Sikumwita. Nakiri kwamba nilifurahi, maana nilikuwa nimepata mfano ulio hai. Niliandika namba zake ubaoni, nikaeleza darasa zima kwamba insulini inabisha hodi na misuli haisikii, na kwamba hivi ndivyo kisukari kinavyoanza. Baba yake alikufa kwa kisukari. Mimi sikujua, wala sikuuliza.

Mchana kiti chake kilikuwa wazi. Ijumaa rafiki yake aliniambia amefunga virago, amerudi kwao Myanga, na amesema hawezi kusomea ugonjwa utakaomuua.

Nilimpigia mama yake simu, nikamwomba binti asile chochote mpaka nifike. Jana asubuhi nikachukua mashine ya kupimia sukari nikaenda. Nekesa alinisalimia kwa heshima zote bila kuniangalia, akanyoosha kidole kabla sijakiomba.

Nane nukta sita.

Mama yake alisoma uso wangu. "Na hajakula kitu, mwalimu," akasema. "Nilimkataza kabisa. Hata ugali ya jana ilibaki, nikaificha. Ni chai tu amekunywa, na hizo viazi."

Maganda ya viazi vitamu yalikuwa bado mezani.

"Mama, hiyo chai amekunywa saa ngapi?"

"Si ni saa hii tu ukikaribia. Sasa mtu atakaa aje na njaa? Lakini kula, hajakula."

Nikamgeukia Nekesa, nikamuuliza siku za Alhamisi huwaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa iwapo ana pua. Yeye halali bwenini, anakaa kwa shangazi yake, na shangazi hamwachi atoke kabla ya kumpa chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na viazi. Nikimuuliza "Umekula?" hujibu hapana. Wala hadanganyi.

Mimi ni mzaliwa wa Kimilili. Kwetu Wabukusu mtu anaweza kumaliza birika la chai na mkate mzima, na ukimuuliza atakuambia bado anangoja chakula, yaani ugali. Mimi mwenyewe husema hivyo. Lakini nilipokuwa naandika swali lile kwenye fomu, nilijifanya msomi kiasi kwamba yule Mbukusu aliye ndani yangu alitoka nje akafunga mlango.

Nilicheka mpaka mama yake Nekesa akaniletea kiti.

Kisha nikamwambia Nekesa twende. Tulitembea upesi hadi sokoni na kurudi, tukiteleza kwenye tope, karibu nusu saa. Tukapima tena: tano nukta nane.

"Kwa hivyo inasikia," akasema, akilishika paja lake.

Inasikia, nikamwambia. Najua kwamba muda nao ulisaidia, si matembezi pekee, lakini sikuona haja ya kumharibia raha.

Ili tuwe na uhakika, nililala kwa mama yangu Kimilili na leo nikarudi Myanga kabla ya saa moja asubuhi. Safari hii niliuliza tofauti: tangu ulale jana, nini kimepita mdomoni mwako? Maji, akasema. Nne nukta tisa. Mama yake aliketi chini jikoni akalia, na nadhani sehemu kubwa ya machozi yale ilikuwa ya kumlilia mumewe.

Utafiti wangu, sasa. Kuna kurasa nne nilizozionea fahari, zinazosema kwamba wanafunzi watatu wanaokaa nje ya chuo wana dalili za misuli kukaidi insulini. Nimewapigia wale wengine wawili. Wote hunywa chai nyumbani. Nimezifuta kurasa zote nne na sijaumia hata kidogo.

Nekesa atarudi kesho. Ametaka kitu kimoja, kwamba niseme kosa langu mbele ya watu walewale. Nilikubali kabla hajamaliza. Halafu akaniuliza, kwa upole wake ule ule, "Na yako ni ngapi, mwalimu?"

Nimefundisha miaka sita. Nimetoboa vidole vya watu sijui wangapi, changu sijawahi. Mama yangu ana ugonjwa wa sukari, na nyanya yangu pia alikuwa nao. Nilianza kumweleza Nekesa kwamba vijiti vya kupimia vimebaki vichache, naye akanisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza uongo wangu.

Kesho saa moja nitakaa kwenye kigoda cha mbele, bila chai. Nekesa atanitoboa kidole na kuandika namba yangu ubaoni, iwe yoyote iwayo. Naogopa sana. Hivi ndivyo yeye alivyokaa Alhamisi, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.