Ulinipa Usukani Bila Kuniambia Kwa Nini

Mpendwa Baba Awino,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Tangu tukuzike mwaka jana watu wananiambia nikukumbuke kwa mazuri. Nakukumbuka. Lakini ulikuwa mtu wa kuchosha, na majuzi, tulipoingia tena msitu wa Gwassi na marafiki zako, nilijua jambo lililonichosha kuliko yote.

Unaikumbuka safari yetu ya mwisho huko. Magari matano kutoka Migori, wewe mbele na lile gari lako kuukuu la kijani, ukipaza sauti kwenye redio, "Fuateni alama za tairi zangu, msijifanye wajuaji." Tulipofika kwenye mteremko mkali, mizizi kulia na korongo kushoto, ulisimamisha gari, ukashuka, ukazunguka hadi mlango wangu.

"Mama Awino, shika usukani. Nataka ujifunze."

"Hapa? Si ningejifunzia kule Lambwe kwenye tambarare?"

"Kwenye tambarare hakuna la kujifunza."

Nilishuka kwa gia ya kwanza, jasho likinitoka, nawe hukuacha kunikosoa. Toa mguu kwa klachi. Usiguse breki. Unaogopa nini? Mkono wako wa kulia ulikuwa umeukalia. Nilidhani ni maringo. Tulipofika chini nilikutukana kwa Dholuo, lugha yetu, mbele ya wanaume wenzako, wakacheka, nawe ukacheka nao.

Wiki tatu baadaye ulianguka bafuni, hukuamka tena. Daktari aliniuliza kama nilijua presha yako ilikuwa juu kwa muda mrefu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama uliwahi kulalamika kwamba mkono unakufa ganzi. Nikasema hapana, halafu nikaukumbuka ule mteremko, nikatafuta mahali pa kuketi.

Mwaka huu Mwalimu Odhiambo, rafiki yako wa tangu shule, alikuja nyumbani. "Shemeji, bila wewe hatuendi," akasema. "Marehemu alituambia wewe ndiye unayejua njia."

Njia gani, Baba Awino? Hukuchora ramani hata nyuma ya risiti. Kila nilipokuuliza ulijibu kwamba iko kichwani. Haya, sasa kichwa chenyewe kiko wapi?

Hata hivyo nilienda, binti yetu Awino kando yangu. Tulipotea mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Halafu tukafika kwenye kile kijito ulichokuwa ukikivuka huku ukipiga mluzi. Kilikuwa kimejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma matawi mazima. Nilishuka nikapima kwa fimbo, ikazama karibu yote. Nikawaambia tunageuza.

"Lakini Baba Awino angevuka," Mwalimu akasema.

"Baba Awino hayupo."

Tuligeuza magari moja baada ya jingine pale njia ilipokuwa nyembamba, mtu akisimama nyuma ya kila gari kuelekeza, na Awino akilia kimya kimya akitazama dirishani.

Tulipofika Lambwe tukaagiza samaki. Mwalimu hakula. Mwishowe akasema, "Shemeji, kuna kitu sijawahi kukuambia. Safari ile ya mwisho alituomba twende polepole. Alisema wewe ndiye unayeumwa kichwa, tusikuulize, usije ukaona haya."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Kwa hiyo mgonjwa nilikuwa mimi. Mimi niliyekuwa mzima wa afya, niliyekushusha mlima mzima nikidhani unaniringia, ndiye uliyenifanya pazia la kujifichia. Ningeweza, siku ile ningekufukua nikugombeze.

Wakati huo Mwalimu alikuwa akijikanda shingo, anafumba macho kwa sababu ya jua.

"Na wewe ulipimwa presha lini?" nikamuuliza.

"Mimi niko sawa, shemeji."

Ulikuwa ukisema hivyo hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo. Nikawaambia wote, palepale mezani, kwamba asiyeleta karatasi ya kliniki haingii msituni na mimi tena. Walinuna. Mmoja alinung'unika kwamba marehemu hakuwa na masharti. Nikamjibu kwamba ndiyo maana ni marehemu. Pengine nilikuwa mkali mno. Sikuomba radhi.

Jumatatu nilimpeleka Mwalimu kliniki mimi mwenyewe. Muuguzi alipima mara moja, akapima tena, kisha akamwambia avue viatu alale kitandani, haondoki. Alitoka jioni na dawa. Sasa mkewe hunipigia simu: mzee ananuna, mboga hazina chumvi, na lawama zote ni zangu. Nasikia sauti yake kwa nyuma akilalamika, na sijui kwa nini nikikata simu huwa nalia.

Wewe pia ungeninunia. Ungesukuma sahani, ungesema nimekugeuza mtoto, tungegombana kuhusu chumvi mpaka uzeeni. Ulichotakiwa kufanya ni kuniambia tu pale mlangoni mwa gari kwamba mkono hauna nguvu.

Pumzika, mume wangu. Hasira ninayo, mapenzi pia ninayo, na vyote viwili sina wa kumpa ila wewe.

Mkeo,
Mama Awino