Ukifika Shuleni, Piga Mbinja

Cheyo, Tabora
Agosti 1954

Mwanangu Eustace,

Pokea salamu za mama yako. Sisi wazima. Dada yako Josepha amejifungua binti, karanga tumevuna vizuri, na ile picha yako ya Dar es Salaam, umevaa kofia ya kizungu, naifuta vumbi kila siku.

Ile shule ya serikali uliyosoma, iliyofungwa, imeuzwa. Tajiri anaivunja ajenge maduka. Baba yako alimwambia, "Matofali haya tuliyafyatua sisi bila ujira." Tajiri akacheka, "Mzee, utakuja kununua sukari hapa hapa." Tangu hapo baba yako amehamia darasani na gobori lake. Ugali nampelekea huko. Anasema, "Atakayeingia na nyundo, sitamuuliza jina."

Jana karani wa tajiri aliniambia mnyapara wa kubomoa anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, naye ni wewe. Labda hawakukuambia ni shule gani. Nimemweleza baba yako, akasema namdanganya ili atoke. Na macho yake yameingia ukungu, mwanangu. Mtu akisimama mlangoni anaona kivuli tu.

Kazi hiyo iache ukiweza. Kama huwezi, vua ile kofia, simama mbali, upige mbinja aliyokufundisha mlipokuwa mkilina asali porini, ile ya kuitana. Usisogee mpaka aitikie. Asipoitikia, geuka uje nyumbani. Mlango sitaufunga.

Mimi mama yako,
Apolinaria