Antena Mbili za Bi Zena

Likoni, Jumanne

Ndiyo, nimemwambia Bi Zena ni upepo wa baharini. Ningemwambiaje? Nimemfungia antena mbili juu ya bati ili picha itulie, na sasa kila msomaji wa habari ana kivuli chake pembeni.

"Mwanangu, nimekuita unitengenezee tivii, wewe waniletea mapacha!"

Nikacheka, lakini roho haitulii. Kwa haraka zangu, waya mmoja niliukata mfupi, mwingine wazunguka nyumba nzima. Mawimbi hayafiki pamoja, ndiyo picha yajirudia. Akimwita yule fundi wa Mtongwe, akiziona nyaya tu, mtaa mzima utajua kosa ni langu. Nani ataniita tena?

Haya daftari, tupatane: kesho alfajiri napanda kuzisawazisha, nawe ukiulizwa, shikilia palepale kwamba ulikuwa upepo.