Askari wa Ikram

Bodo, Jumanne

Mume wangu Ishak,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, paa tumeliezeka upya. Chandarua cha binti yetu bado nakichomekea kila jioni, usinicheke.

Jana alikuja daktari wa utafiti, yule aliyemtoa Ikram damu kabla malaria haijamchukua. Anasema chembe nyeupe za mtoto, wale askari wa damu, walizigandisha kwa baridi kali, na zingali hai. Wakizitia pamoja na vijidudu vya malaria, zinavivamia. Alikuwa akinieleza kwa furaha.

Kisha akaniuliza, "Mama Ikram, tuendelee nazo, au tukurudishie ukazizike?"

Tulimzika tukamwombea apumzike, Ishak. Nimwambie nini daktari, na mwanetu bado anapigana?

Mimi mkeo,
Kibibi