Jiko la Singasinga Halizimwi

Mabwerebwere, Kilosa
9 Agosti 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yameachia kidogo? Na mahindi ya huko Mamboya, mmeshavuna? Sisi tupo. Natalia anaota meno, halali, basi nami silali. Baba yake, Bonifas, bado yuko Mikumi kwenye kibarua cha hoteli, anakusalimu sana.

Kaka Cleopa amenifikishia maneno yako, kwamba nimwombe radhi mwenyekiti wa hekalu la Singasinga anirudishie kazi ya kupika. Mama, nisikilize kwanza.

Jiko lile unalijua. Kila Jumapili anayeingia, wa dini yoyote, anakaa jamvini na wenzake, anakula dengu na chapati bure, kwa sadaka ya waumini. Sasa mzee aliyewaongoza kahamia Uingereza kwa wanawe. Mwenyekiti mpya, Bwana Balwant mwenye malori, anasema siku hizi ni biashara huria: ukumbi wa kulia apangishwe mtu wa mitumba, sadaka iwe mtaji, nami nizime moto. Nikamuuliza kama Mungu naye kafungua duka. Wanawake jikoni wakaangua kicheko, na palepale akanifukuza.

Lakini kwao, Mama, kupika katika nyumba ile ni ibada, na anayejitolea hazuiwi, hata awe Mkristo kama mimi. Mshahara aliweza kuukata, mikono yangu hakuiweza. Jumapili iliyofuata nikarudi na Natalia mgongoni, nikakaa kusukuma chapati. Bwana Balwant akaja mbio kunitoa, akamkuta mama yake mzazi kando yangu, unga hadi viwikoni. Bibi yule akamwambia avue viatu, akae chini ale na watu, au aende zake. Akakaa. Nikampakulia mwenyewe.

Sasa nikwambie ambalo hata Bonifas sijamwambia. Juzi mwenyekiti alimtuma mtu kwangu: mshahara utarudi, tena na nyongeza, nikikubali tu kubaki nyumbani Jumapili. Nilimtazama mwanangu, Mama, nikafikiria maziwa yake. Halafu nikakataa. Asubuhi nauza vitumbua stesheni, tunakula.

Radhi siombi. Jumapili ijayo mtu wa mitumba anakuja kupima ukumbi. Atatukuta tumeujaza, tunakula. Akitaka kupima, atungoje tushibe.

Mpe baba shikamoo yangu, na shangazi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Letisia