Uzi wa Zahra

Jumatatu, 5 Machi 2012. Riyadh

Vumbi tena. Nimefuta meza ya sebuleni mara tatu na bado ukiandika jina kwa kidole linasomeka. Mgongo unauma. Zahra hakula asubuhi, hakula mchana. Alasiri ndiyo akaketi na dengu na mkate, chai bila maziwa. Madam anadhani anataka kupunguza mwili. Ni Kwaresima yao. Hata mimi niko kwenye Kwaresima, ila niliacha sukari tu, na hiyo yenyewe imenishinda.

Zahra si jina lake. Ni Mhabeshi, Mkristo wa kuzaliwa. Wakala wa kwao alimwambia wasichana Waislamu wanachukuliwa haraka, akampa jina na mtandio, akapandishwa ndege. Jina lenyewe la zamani hajaniambia, anaogopa nitajisahau niliite mbele ya watu. Mimi ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, inasema Mkristo na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote. Yeye kila adhana anajifungia chumbani kwetu kama anayeswali, anakaa kitandani hadi wenye nyumba wamalize kuswali. Uwongo wa aina hiyo unachosha kuliko kupiga deki.

Jumatano, 7 Machi

Tumegombana. Nimemwona akitoka kuoga, shingoni ana uzi mweusi uliosokotwa. Nikamwambia hiyo ni hirizi. Kwetu Wundanyi mwalimu wa Sunday school mwenye hirizi angefukuzwa kanisani, na mimi nilifundisha Sunday school miaka mingi, kwa hiyo nilisema kwa sauti ya mwalimu. Akawaka. Alivikwa siku aliyobatizwa, akiwa na siku themanini, na hajauvua kamwe isipokuwa ukichakaa, ndipo unafungwa mwingine. Kwao Mkristo bila uzi ni kama mtu asiye na kwao.

Nikamwambia wamishenari wetu walichoma vitu vya namna hiyo. Akauliza wamishenari gani. Wazungu, nikasema, waliotuletea dini. Alicheka hadi akashika sinki. Eti kwao Wazungu walipofika waliwakuta wanasali, tena walikuwa wanasali zamani kabla ya wengi wa hao Wazungu kuacha kuabudu miti. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani.

Ijumaa, 9 Machi

Wageni. Majani ya mzabibu sufuria nzima, kuviringisha moja moja, wali ndani. Kazi ya kuua vidole. Zahra akanisimulia ili tusisinzie.

Meli ilitia nanga pwani ya Bahari ya Shamu, upande wa kwao. Wenyeji wakaivamia, wakaua waliokuwamo, wakabaki vijana wawili tu wa Shamu, Wakristo. Wakapelekwa kwa mfalme wa Aksum. Mmoja akawekwa kuhudumia vinywaji, mwingine kuandika na kutunza hesabu. Mfalme akafa, mwanawe bado mdogo. Mjane akawasihi wasiondoke, wamsaidie kulea. Wakalea. Mtoto akakua, akawa mfalme, akaipokea imani yao, na nchi ikamfuata. Yule mwandishi akavuka hadi Misri, Iskandaria, kuomba wapewe askofu. Wazee wa kanisa wa kule wakamwambia askofu ni wewe, rudi.

Nikamwuliza, kwa hiyo dini yenu ililetwa na watumishi wa ndani? Akasema ndiyo, kama sisi. Na mtoto wa bosi mgongoni, akasema. Fahad alikuwa kweli mgongoni mwake, amelala. Yule mtoto halali kwa mtu mwingine, hata kwa mamake.

Jumanne, 13 Machi

Nimewaza siku nzima juu ya yule towashi wa Kushi aliyebatizwa njiani, aliposhuka garini mwake. Niliwachorea watoto picha yake ubaoni kila mwaka. Nilimpaka chaki ya waridi. Mtu wa Kushi, jamani! Na watoto wote weusi tii wamekaa mbele yangu, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 17 Machi

Fahad ana homa. Meno, amesema daktari. Madam haamini meno. Amelia.

Ijumaa, 23 Machi. Jeddah

Tumesafiri kutwa. Likizo ya shule, kwa hiyo nyumba nzima imehamia kwa mama wa Madam, Hajja, isipokuwa Baba, mume wa Madam, ambaye atakuja Jumanne. Jangwa, kituo cha mafuta, jangwa. Dereva wetu ni Ami Idris, Msudani, Mnubi. Watoto na Madam walipolala alituambia kijijini kwao upepo ukivuma sana mchanga unafunua kuta zenye picha za malaika, weusi, macho makubwa. Babu zake walikuwa na wafalme Wakristo muda mrefu sana kabla ya kusilimu. Yeye ni Mwislamu safi na anaswali kila kituo, ila alisema hayo bila haya, kama mtu anayetaja ukoo. Zahra alinigusa kwa kiwiko. Nilijifanya nimelala. Nimechoka kufundishwa.

Joto la Jeddah lina maji. Nguo zinanata. Homa ya Fahad imerudi.

Jumapili, 25 Machi

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Madam alikuwa anatandika kitanda cha Fahad, akakuta uzi chini ya mto. Mweusi, wenye fundo. Ulikatika usiku Zahra alipomlaza mtoto, naye hakujua. Madam alipiga ukelele nyumba nzima ikasikia. Sihiri. Mtoto mgonjwa, uzi wenye fundo chini ya kichwa chake. Angefikiri nini kingine? Mimi mwenyewe niliuita hirizi, na mimi ni Mkristo.

Aliuliza ni wa nani. Zahra akasema ni wake. Amefungiwa chumba cha kufulia. Simu amenyang'anywa. Madam anasema Baba akija keshokutwa atampeleka polisi. Hapa kesi ya uchawi si mchezo, mtu anaweza kupoteza kichwa. Nimevunja bilauri mbili.

Jumatatu, 26 Machi

Nilipeleka nguo chafu ili niseme naye mlangoni. Akisema uzi ni wa ubatizo, basi amekula na kulala nyumbani mwa Madam kwa jina la uwongo. Akinyamaza, ni mchawi. Nikamwuliza anataka nini. Akangoja mashine izunguke kwa kelele. Halafu akasema, "Mkawasi, mwongo wanamrudisha kwao. Mchawi wanamfanya nini? Waambie."

Rahisi kusema. Wataniuliza tangu lini nilijua. Nami nina watoto wawili wanaonitegemea, na kafili, mwajiri mwenye kibali chako, akikukasirikia umekwisha. Niliogopa. Bado naogopa.

Kumwendea Madam haiwezekani, hasikii. Nikamwendea Hajja. Kila alasiri mimi ndiye ninayemkanda miguu, imevimba kwa sukari. Ni mama mkali, akikuta kikombe kimegeuzwa vibaya anaita watu wote waje waone. Nilishika mguu wake nikaanza kusema kwa Kiarabu changu cha jikoni. Uzi mafi sihiri, si uchawi, Hajja. Uzi wa mtoto mdogo, maji, kanisa. Zahra Mkristo, watu wake Wakristo zamani, zamani sana, mfalme wa Habashi Mkristo...

Akauvuta mguu. "Najashi?" akauliza.

Sikujua kama ni mtu au ugonjwa. Nikasema ndiyo.

Basi akanisimulia yeye, kwa hasira, kana kwamba nimeiharibu hadithi yake. Waislamu wa kwanza waliteswa Makka. Mtume akawaambia wavuke bahari, waende Habashi, kuna mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Wakavuka. Maadui wakawafuata na zawadi wakitaka warudishwe. Mfalme akawasikiliza wageni, wakamsomea habari za Mariamu, akalia hadi ndevu zikalowa. Zawadi akazirudisha. Watu hakuwatoa. Hajja alionyesha kwa kidole dirishani, upande wa bahari, kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani.

Halafu akaurudisha mguu. Nikaukamata, nikaendelea kukanda, maana sikujua la kufanya. Mwisho akasema, "Halas, basi. Niitie binti yangu."

Walijifungia saa nzima. Madam alitoka macho mekundu. Mimi sikuulizwa kitu.

Jumanne, 27 Machi

Baba amekuja. Zahra akatolewa chumba cha kufulia, akasimamishwa sebuleni mbele ya Hajja, mimi nikiwa na sinia ya kahawa. Hajja akamwuliza jina lake la kweli.

"Tsige," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza nalisikia. Mwaka na zaidi tumelala chumba kimoja.

Hajja akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena hadi likakaa. Akasema hakuna polisi. Huyu ni katika watu wa Najashi, na nyumba yake haimtoi mtu wa Najashi. Baba alikubali haraka, naona hata yeye alikuwa anaogopa. Uzi wakamrudishia, umefungwa kwenye kitambaa cha karatasi, Madam akiushika kwa ncha za vidole.

Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha Baba akasema atakatiwa huruji, kibali cha kutoka nchini, arudi kwao, maana nyumba haiwezi kukaa na mtu aliyeingia kwa uwongo. Hajja hakusema kitu. Tsige alishukuru. Alibusu mkono wa Hajja, akashukuru!

Nina hasira na sitaificha. Najashi hakuwapa wageni wake tiketi ya kuondoka. Lakini nikifikiri yaliyokuwa yanamsubiri, naona nyamaza Mkawasi, umeomba mkate umepewa mkate, siagi utajitafutia. Nusu ya wema ni wema. Najiambia hivyo. Haijaniingia.

Alhamisi, 29 Machi

Amekwenda. Ami Idris amempeleka uwanja wa ndege baada ya adhuhuri. Pasipoti inasema Zahra, kwa hiyo ameondoka Zahra. Mizigo ni begi moja na blanketi la Kichina lenye simba. Madam alisimama kwenye ngazi, akataka kusema kitu, akarudi ndani. Si mwanamke mbaya. Aliogopea mtoto wake. Ningekuwa mimi na mwanangu Mwakio ana homa, ningefanya nini? Sijui, na sipendi kujiuliza.

Tulikumbatiana jikoni, mikono yangu ina unga. Nilitaka kumwambia kwamba nilikosea juu ya hirizi. Nikamwambia achunge begi lake.

Jumapili, 1 Aprili. Riyadh

Tumerudi. Kazi za watu wawili. Fahad hana homa, jino limetoka. Hataki kula kwangu. Hataki kwa yeyote. Anazunguka vyumba vyote akifungua milango, hata ya kabati.

Jumatano, 4 Aprili

Leo alilia tangu chakula cha mchana. Madam alimbeba, akamtembeza, akampa simu achezee. Akaitupa. Mwisho alikuja naye jikoni, nywele zimemfumuka, nikamwona amechoka kama mimi. Sikuwahi kufikiri tunaweza kuchoka sawa.

Akaniuliza, yule alikuwa anamwimbia nini?

Wimbo ninaujua. Nimeusikia kila mchana mwaka mzima ukipenya ukutani. Maneno siyaelewi, ni ya kanisani kwao, tena nadhani si Kihabeshi cha kila siku, ni kile cha zamani cha mapadri wao. Nilikausha mikono. Nikamchukua Fahad, nikamfunga mgongoni kwa leso, nikaanza. Niliuimba vibaya. Yeye aliweka shavu mgongoni mwangu, akashtuka kidogo kila nilipokosea, kisha akaacha kushtuka.

Madam hakuondoka. Alisimama mlangoni akisikiliza. Likafika lile jina linalorudi kila mara, nikataka kulimeza, nikashindwa, wimbo hauendi bila hilo.

"Mariam?" akauliza.

Nikasema ndiyo, madam. Mariam.

Alimtazama mtoto. Macho yalikuwa yanafumba. Akavuta kiti, akakaa kule jikoni kwetu, ambako hajawahi kukaa, akaniambia niendelee.