Saa Niliyoigeuza Siku ya Wageni wa Kadzo

Malaba

Mama Kadzo, mke wangu,

Nakusalimu nikiwa mzima, isipokuwa mgongo, ambao haunipi raha tangu magari ya saruji yaanze kujaa hapa. Wewe hujambo? Goti la mama limepoa? Na yule mbuzi aliyekuwa hali, amerudia majani? Barua hii nampa dereva anayeshuka Mombasa, ataiacha Mariakani dukani kwa binamu yako. Kwa simu tungekatikakatika, na jambo hili nataka ulisikie lote kutoka kwangu, si kwa ndugu yangu Karisa.

Najua mlinisubiri Jumamosi. Ulitandika mkeka mbele, ukaweka stuli, na juu ya stuli simu ya Kadzo, mahali pa baba wa binti. Wageni wakaja kumposa mtoto wetu, na ile simu ikakaa kimya huku wakila.

Ilikuwa hivi. Kadzo alinitumia ile anwani ya kubonyeza ili tuonane. Nikaijaribu Ijumaa kabla ya siku yenyewe. Ikaniandikia kwamba brauza yangu, yaani ile programu inayofungua kurasa za mtandao, ni ya zamani, niisasishe kwanza. Nikabonyeza Sasisha. Ikazunguka, ikasimama, ikasema imeshindwa, nijaribu baadaye. Nikajaribu baadaye mpaka kidole kikachoka.

Wafula, mwenzangu wa kubeba, akaniambia, "Huo ni mtandao wa Uganda, mzee. Hapa simu yako inavuka mpaka bila wewe."

Ni kweli, hapa simu hushika laini ya ng'ambo ukiwa umekaa tu kwako. Basi jioni tukapanda boda, tukaifuata barabara ya Angurai mpaka ikabaki laini yetu peke yake. Tukasimama kando ya shamba la mihogo, Wafula akiiinua simu juu kama anaionyesha mbingu. Ikashindwa. Kibarua mwingine akasema simu imejaa. Nikafuta video zote, hata ile ya mvua ikipiga bati la jikoni kwetu, ambayo nilikuwa naisikiliza nikikosa usingizi. Hiyo bado inaniuma. Ikashindwa vilevile.

Jumamosi magari yalikuja mengi na msimamizi hakutaka kusikia habari ya posa. Ukitoka, mtu mwingine anashika nafasi yako, na hairudi. Nilipata mwanya saa nane, wakati wageni walikuwa wanakaribia lango letu. Nikakimbilia kwa Ekisa, kijana wa Kiteso anayetengeneza simu karibu na maegesho ya malori, Wafula akinifuata. Ekisa akaiangalia simu, akaniangalia mimi, akaiangalia tena.

"Mzee, hii saa yako ni ya nchi gani?"

"Ni saa nane. Kwani si saa nane?"

"Wewe uko saa nane. Simu yako haijanywa chai ya asubuhi."

Mama Kadzo, hapo ndipo nilipoelewa. Wewe unajua nilisoma mpaka darasa la tano. Sisi tukisema saa nane mchana, simu huandika mbili. Baada ya magunia, hesabu hiyo hunikataa. Wiki ile nilikuwa nimeshakosa gari moja kwa kuchanganya. Kwa hiyo Alhamisi, kwa kuogopa nisikose saa ya wageni, niliigeuza simu isomeke kama tunavyosema kwetu, kama ile saa ya mkono ya marehemu baba. Ikifika nane, iandike nane. Nikalala nimeridhika.

Kumbe simu haijui hiyo ni nane ya mchana. Yenyewe inaona ni saa mbili asubuhi, iko nyuma kwa saa sita. Ekisa akasema, "Huko brauza inakotoka wanalinganisha saa kwanza kabla ya kukufungulia. Ukienda na saa yako ya kujitungia, wanakuona tapeli."

Wafula akacheka. "Tumeisingizia Uganda bure, na mwizi ni wewe mwenyewe."

Ekisa akairudisha saa. Nikabonyeza Sasisha, na safari hii ikatembea, polepole kama lori lililozidishiwa mzigo. Nilijua mnapakua wali. Nilijua mnakula. Ilipomaliza nikaifungua ile anwani, na kitu cha kwanza nilichoona ni sahani zikikusanywa. Halafu nikamsikia yule mzee wao akisema, "Tumekula tukashiba, lakini baba wa binti hatujamwona." Na Karisa akajibu, "Yuko mbali, mimi nasimama badala yake."

Ndipo nikakohoa.

Yaliyofuata uliyaona. Ambacho hukukiona ni upande wangu. Wafula ndiye aliyeshika simu. Vibarua waliokuwa wanapiga kelele nyuma yangu walivua kofia, na dereva mmoja akazima injini bila kuambiwa. Nilipomuuliza mtoto, "Kadzo, wageni hawa unawajua? Tuwapokee?" wote walisogea kusikiliza. Naye aliposema, "Nawajua, baba. Wapokeeni," Wafula alijifuta uso kwa shati, akasema ni saruji.

Halafu msimamizi akaniita, nikarudi kwenye magunia.

Msalimie mama yangu, mwambie dawa ya goti inakuja na dereva huyu. Msalimie Karisa, umwambie alisimama vizuri mahali pangu nami sina kinyongo. Mtoto wetu mdogo Charo aache kumtania dada yake. Na mkwe mtarajiwa mwambie nilimwona, ingawa alikuwa amekaa pembeni. Alikaa kwa adabu.

Simu nimeiacha na saa zake. Naitazama, nakokotoa, nikichoka nakosea. Lakini siku ya harusi sitaki brauza wala anwani ya kubonyeza. Nimeshamwambia msimamizi kwamba nitaondoka, na akitaka kumpa mtu nafasi yangu, ampe. Wewe nitandikie mkeka palepale ulipoiweka ile stuli.

Ni mimi mumeo,
Baba Kadzo